Jiwe la Mlima Jino

"Chini ya kiti halipo?" Mzee Toni aliuliza. Alikuwa amepiga magoti barazani, mkono wake ukipapasa sakafu.

"Halipo, mzee," Mwanapili akajibu, kitambaa cha vumbi mkononi, na vumbi lenyewe alikwisha kulifuta.

Alijua liliko. Jiwe lile lilikuwa nyumbani kwake Mwabungo, figa la tatu katika meko yake, na alfajiri ya siku hiyo alikuwa amelichemshia chai.

Mzee Toni alinyanyuka kwa kushika ukuta. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hata chai alimiminiwa. "Jana usiku wamenipigia simu kutoka kwetu," akasema. "Barafu imemtoa Yakobo."

Mwanapili akakaa kitako pale pale chini.

Miaka mingi amemfanyia kazi mzungu huyu hapa Diani, na alasiri akikunja nguo husimuliwa mlima wa kwao. Wenyeji waliuita Jino, kwa jinsi ulivyochongoka. Chini kuna kijiji na malisho ya ng'ombe, juu yake msitu, juu ya msitu mawe matupu, kisha barafu, kisha ile ncha. Mvua ya ubavu mmoja huteremkia bahari ya kaskazini, ya ubavu wa pili bahari ya kusini. Zamani waliopanda ni wawindaji wa mbuzi-mwitu tu. Baadaye padri mmoja akafika kileleni, akasimamisha msalaba, radi ikauangusha. Vikaja vita, wakubwa wakapitisha mpaka juu ya ncha ile ile, na askari wakalala ndani ya mapango ya barafu.

"Walipigania nini huko, mzee, na hata muhogo hauoti?" Mwanapili aliwahi kuuliza.

"Walipigania kuwa juu," akajibiwa, na wote wawili wakacheka.

La Yakobo halikuwa la kucheka. Ndugu wawili walipanda Jino wakiwa vijana. Toni akaokota jiwe kileleni. Wakati wa kushuka, Yakobo aliteleza akaingia ufa wa barafu, na Toni akarudi kwa mama yao na jiwe mfukoni. Tangu hapo barafu imekuwa ikirudi nyuma kila mwaka, kama maji yanayokupwa yasijae tena, na vilivyozama vinaonekana.

"Nasafiri kesho kumzika," Mzee Toni akasema. "Nilitaka jiwe likae juu ya kaburi lake. Yule Kibwana wa bustani alilipeleka wapi, sijui."

Mwanapili akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani mara moja.

Mambo yalianza siku ya posa ya Esha, binti yake. Mawe ya pwani ni matumbawe; ukiyapikia, moto huyafanya chokaa. Mawe magumu yanatoka bara, Kinango huko, na nani atapanda gari kufuata figa Kinango? Basi figa moja likapasuka, sufuria ya wali ikainama mbele ya wageni wa upande wa mume. Mwanapili alitamani ardhi immeze. Kesho yake akakuta kwa mzee wapaka rangi wametoa vitu vyote vya baraza wakaviweka langoni, na jiwe la Jino limo, la kijivu, gumu, saizi ya boga dogo. Alikwisha kulipangusa miaka nenda miaka rudi. Jiwe lina mwenyewe? akajiambia. Lakini alipolitia kikapuni alilifunika kwa leso, na asiyejua kuwa anaiba hafuniki.

Mzee alipouliza jiwe liko wapi, Kibwana alicheka. "Mzee, nani aibe jiwe?" Kicheko kile kilimponza. Aliambiwa achukue jembe lake na aondoke. Mwanapili alikuwa jikoni akiosha vyombo, akasikia kila neno. Hakufunga bomba.

Siku hizi Kibwana hufua nazi za tajiri mmoja kando ya njia, na Mwanapili hana njia nyingine. "Shikamoo, mama," humwita kila siku. "Lile jiwe la almasi la mzee limepatikana?"

"Bado, mwanangu."

Kila siku bado.

Nyumbani alilitoa jiwe mekoni, akalisugua kwa majivu na kumbi la nazi. Masizi yalikuwa yameingia katika mishipa yake.

"Mama, mpelekee jiwe jingine," Esha akasema. "Si haoni?"

"Ataona kwa mkono."

"Basi sema Kibwana amelirudisha. Kazi yenyewe si alikwisha kufukuzwa? Atapungukiwa nini zaidi?"

Mwanapili akalitia jiwe kikapuni, na mara hii hakulifunika.

Mzee Toni alilipokea kwa mikono miwili. Akalipapasa, akalinusa.

"Moshi," akasema.

"Ni mimi, mzee. Kibwana hakuligusa. Nililichukua mimi, nikaliweka figa."

Mwanapili alisikia nyani wakitembea juu ya paa la jirani.

"Ulipika nini?"

"Wali. Muhogo. Chai ya asubuhi."

"Nilimwita mwizi, na wewe uko jikoni."

"Nilikuwapo."

Mzee Toni akalipakata jiwe, masizi yakichafua shati lake jeupe. "Nenda kamwambie," akasema. "Mimi nitakuja nyuma yako kumwomba radhi yangu. Lakini ya kwako utaomba mwenyewe."

"Nitalisugua tena kwanza."

"Usiliguse."

Kibwana alikuwa ameinama juu ya kifuo, ule mti uliochongoka wa kufulia nazi, rundo la makumbi likimfika kiunoni. "Shikamoo, mama. Leo umerudi mapema. Jiwe la almasi limepatikana?"

"Limepatikana."

"Alhamdulillahi. Lilikuwa wapi?"

"Mekoni kwangu," Mwanapili akasema. "Nililichukua mimi, Kibwana. Na ulipofukuzwa nilikuwa nasikia."

Kibwana hakuinua kichwa. Alichukua nazi, akaipigilia kwenye kifuo, akaipinda, kumbi likatoka. Akachukua nyingine. Na nyingine. Mwanapili alisimama juani, mikono imeshika kikapu kitupu. Nazi iliyofuata Kibwana aliipiga kwa nguvu kupita kiasi. Kifuo kikapenya hadi ndani, na maji yake yakamwagika mchangani, yakaenda polepole mpaka kwenye viatu vya Mwanapili. Hakurudi nyuma. Kibwana alibaki ameishika ile nazi iliyopasuka, akiyatazama maji yanavyonywewa na mchanga.