Mtihani wa Sindano

Fundi cherehani alimsikia mumewe, seremala, kabla ya kumwona. Alikuwa anaimba. Seremala huyo hakuwa na sauti ya kuimba ila akiwa amelewa, na tangu aape kuacha pombe nyumba ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Moyo ukamlipuka. Alikwisha kumwambia bayana: ukirudia, mimi nahamia kwa dada yangu. Akauvuta mkoba wake wa nguo uvunguni mwa kitanda, akauweka juu ya meza ya cherehani, uonekane.

Seremala akaingia, akaikumba ndoo, akacheka peke yake. Alinuka spiriti. Ni kweli spiriti ndiyo ya kung'arishia mbao, lakini kisingizio hicho kilishatumika mpaka kikachakaa.

"Umelewa," mkewe akasema.

"Nimelewa, mama watoto, sikatai! Ila hata tone halijagusa mdomo."

"Hakuna mlevi asiyesema hivyo. Haya, shika."

Akampa uzi na sindano. Hiyo ndiyo iliyokuwa mahakama ya nyumba yao: aliyekunywa hawezi kutunga uzi. Seremala akafumba jicho moja, akalenga. Uzi ukapita kushoto. Ukapita kulia.

"Basi," mkewe akasema. Akaushika mkoba.

"Binti yako kaja karakana," seremala akasema. "Kanipa mtoto nimbebe."

Mkewe akasimama pale pale. Binti yao aliapa mbele ya ndugu wote kwamba mikono ya mlevi haitamgusa mwanawe. Tangu mjukuu azaliwe, babu alikuwa akimwona kwa mbali tu. Uongo huo ungekuwa mkubwa mno hata kwa mlevi. Alitamani sana kuuamini, na hilo ndilo lililomtisha.

Akamsogelea. Zamani alikuwa akimnusa mdomo, lakini safari hii macho yalitua begani, penye doa jeupe lililoanza kukauka. Akainamisha pua. Yalikuwa maziwa, yale ya kucheuliwa.

"Kanichafulia shati lote," seremala akasema kwa majivuno, machozi yakimtiririka.

Mkewe akaurudisha mkoba uvunguni. Kisha akaketi kwenye cherehani, maana kazi za watu zilikuwa zinamngoja, akaichukua ile sindano. Uzi ukapita kushoto. Akaulamba ncha, akajaribu tena. Ukapita kulia.

Mumewe akamtazama.

"Mama watoto," akamuuliza, "na wewe umekunywa nini?"