Jiwe la Feza Kwenye Foleni

Jua la saa saba limekaa utosini, na Feza anasinzia ameegemea ukuta wa ofisi ya wakimbizi, kidole cha mguu kikigusa jiwe lake. Hapa kambini mtu hasimami foleni, jiwe lake ndilo linalosimama. Mwenyewe hukaa kando akilichunga lisirukwe. Jiwe la mbele ni la Mwavita, jirani yake wa ukuta mmoja. Leo Mwavita ameitwa kwenye mahojiano ya mwisho ya kupelekwa ng'ambo, yeye na binti yake Sifa. Amekaa kambini miaka mitatu. Feza amekaa kumi na moja, na amekuja kuuliza tu, kwa mara nyingine, faili lake limelala wapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mgeni huyu kapona peke yake. Feza anaona wivu, tusimfichie. Anafumba macho asikione kile kitenge kipya cha Mwavita, na hapohapo jiwe lake linaondoka. Linatembea, naye analifuata, mawe yote yanatembea, barabara inajikunja na kurudi na kujikunja tena, na kila akipita kona anakuta kona aliyokwisha kuipita. Anafika mji wa mabati yanayong'aa, kuta zikitazamana, na kila ukuta anaojitazama unamwonyesha Mwavita: Mwavita kavaa koti zito, Mwavita anafungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, Mwavita anachekea bomba la maji lililo ndani ya nyumba. Na mimi niko wapi, anauliza Feza. Uko nyuma ya anayekuziba, anajibu karani aliyeketi katikati ya njia mbele ya mlango uliofungwa, hana macho wala pua, uso mtupu kama yai lililomenywa. Baba, nimengoja miaka kumi na moja. Mlango huu haumfungukii anayengoja, humfungukia anayejua. Najua nini mimi? Unalijua tumbo ambalo halikuzaa.

Na kweli Feza analijua. Mwavita alimweleza mwenyewe, siku walipokuwa wakichambua maharage: Sifa ni mtoto wa dada yake aliyefia njiani, na kwenye fomu aliandika nimemzaa. Kwao mtoto wa dada ni mtoto wako, nani angeandika vingine? Lakini fomu haimjui mama mdogo. Feza anafungua kinywa. Si wake yule, ni wa marehemu dada yake. Maneno yanamtoka matamu, ndiyo, matamu. Karani anamshika kidole gumba, anakichovya kwenye wino wa bluu, anakikandamiza kwenye karatasi, na mlango unafunguka. Feza anaingia mbio, anakuta barabara ileile, foleni ileile, jiwe lake likiwa la mwisho. Kwenye mabati Mwavita hayupo tena. Yupo Sifa, amekumbatia jiwe zito kwa mikono miwili. Mama mkubwa, anauliza, jiwe la mama niliweke wapi?

Dada Feza, amka basi, anasema Mwavita akimtikisa bega. Foleni imesogea, nimelisukuma jiwe lako pamoja na langu, la sivyo wangekuruka. Nikiingia nitawauliza na habari ya faili lako. Feza anatazama kidole chake. Kina wino wa bluu. Asubuhi alitia dole kwenye mgao wa unga, lakini si alinawa? Anakumbuka sabuni, anakumbuka hata kopo la maji. Au alikwenda pale dirishani kwa karani kabla hajasinzia?

Mlango unafunguka, anatoka karani mwenye macho na pua kama watu wote. Mwavita, ingia peke yako. Mtoto abaki nje, tuna swali juu yake.

Nishikie mtoto, dada, anasema Mwavita, na Sifa anakishika kidole gumba cha Feza, kilekile cha bluu. Feza anasimama pale juani, anasubiri kuamka.