Kina Mama wa Daraja la Karuiru

Ukungu wa Kibugu haukuwa na haraka asubuhi hiyo. Celina Karimi aliketi nyuma ya pikapu ya mradi, gambuti miguuni, akimenya nduma ya kuchemsha huku akingoja ng'ambo ya mto Karuiru ionekane ili atandaze kamba zake. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale mwenye shahada ya udaktari, mzaliwa wa Meru aliyepanga nyumba mtaa wa Dallas mjini Embu. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchimba vishimo kando ya mto, kisha kusema kama ardhini kulikuwa na kitu cha kale ambacho daraja jipya lingekiharibu.

Daraja jipya lilihitajika, hilo halikuwa na ubishi. Mbao za lile la zamani zilikuwa zimeoza, lori la majani chai lilikatazwa kulipita, na wakulima wa ng'ambo walibeba magunia mgongoni hadi kituoni, majani yakifika yamenyauka. Masika yaliyopita mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa akafia upande usio na gari.

"Lakini nguzo hazina neno," alisema Bundi, mhandisi wa mradi, mtu wa Mikinduri. Alipapasa mawe kama mtu anayempapasa ng'ombe wa maonyesho. "Daktari, tazama. Hata unywele haupiti katikati ya haya mawe. Aliyejenga hapa alikuwa na mkono."

Shimo la kwanza lilitoa mizizi na kifuniko cha soda. Katika shimo la pili, mwiko wa Celina uligonga jiwe, na jiwe likasukumwa juu kutoka chini.

"Pokea," sauti ya mwanamke ilisema.

Celina akalipokea. Lilikuwa zito. Akaliweka kando ya chekeche, akauliza kama kulikuwa na mengine.

"Yapo mengi. Ngoja kwanza nitoke."

Alitoka mwanamke kijana, shuka limekolea udongo mwekundu, ukamba wa kubebea mzigo umemkaa kwenye paji la uso hadi ukaacha mfereji. Alijikung'uta, akainama, akawavuta wenzake mmoja mmoja. Vibarua wa Celina walisogeza chekeche ili wapate nafasi ya kupita. Celina alipima kina cha shimo, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, kisha akawapa maji.

"Homugadi wameenda kula?" aliuliza yule wa kwanza, akitazama juu ya mteremko.

"Wameenda," alijibu Celina. Askari hao walinzi wa kijiji walikuwa wameenda tangu enzi za mkoloni.

"Basi tufanye haraka kabla hawajarudi." Na wote wakaanza kubeba mawe kuelekea nguzo za daraja la zamani.

Jua lilipopanda, Lenah, bibi kizee ambaye nduma zake ziliota kando ya mto huo, alishuka kuona ni nani anayekanyaga shamba lake. Aliwaona wale wanawake. Akatua kikapu chini, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya vizuri.

"Maitu," alisema, akimwita mama yake.

Mwanamke kijana aligeuka. Alimtazama yule kizee kuanzia miguuni hadi usoni.

"Lenah. Uji niliokuachia, uliunywa?"

"Niliunywa, maitu. Wote."

"Mbona umekonda?"

"Nimezeeka tu."

"Naona." Mama akamshika mkono, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya sugu za kiganja. "Mikono yako imefanya kazi. Vizuri."

Kisha akarudi kubeba mawe, maana hakuwa ameambiwa apumzike.

Lenah ndiye aliyemweleza Celina, wakiwa wamekaa juu ya majani. Mama yake aliitwa Ruguru. Wakati wa hali ya hatari, watu waliondolewa mashambani kwao wakafungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki lililojaa miti iliyochongwa, na kila alfajiri wanawake walitolewa kwenda kujenga daraja la bwana DO, afisa wa kikoloni, bila ujira. Waume wao walikuwa kizuizini au msituni. Wanawake hao walijua mawe, kwa kuwa ndio waliojenga kingo za mashamba ya mteremkoni. Siku moja mvua ilinyesha tangu usiku. Ruguru alisema ukingo umelegea. Aliambiwa abebe. Ukingo ukaporomoka, ukawafunika na mizigo yao mgongoni.

"Waliwafukua?" aliuliza Celina.

"Kesho yake walileta wanawake wengine, daraja likaendelea," alisema Lenah. "Mimi nililelewa na nyanya. Kila mwaka napanda nduma hapa, ili pasiwe mahali pa kupita tu."

Tangu siku hiyo Ruguru na wenzake walitoka kila asubuhi, wakarudi chini jioni. Celina aliacha kuchimba mahali pale, lakini hakuacha kuja. Alikuwa amesoma habari za wajenzi wa nchi nyingi, wala hakuwahi kuona watu wakifanya kazi namna ile. Ruguru aliligeuza jiwe mikononi, akalinusa, akalisikiliza kwa kuligonga na kifundo cha kidole, ndipo akaliweka, nalo likakaa kana kwamba lilizaliwa hapo. Waliimba kwa sauti ya chini. Aliyechoka alipunguziwa mzigo na jirani yake bila kuomba. Bundi alizoea kuja kusimama karibu nao akiwa amevua kofia yake ya plastiki.

"Nilisoma miaka mitano," alimwambia Celina, "na ningetoa miwili nifunzwe na huyo mama."

Celina aliandika ripoti. Alisema umuhimu wa mahali hapo ni mkubwa sana, akashauri watu waliozikwa pale watambuliwe, na mwenye mamlaka awaambie kwamba kazi imeisha.

Ofisi inayohusika na mambo ya kale ilimpigia simu. Afisa alikuwa mwenye adabu. Alisema kitu kinachotembea na kuongea hakiwezi kuhesabiwa kuwa mabaki, hivyo ajaribu ofisi ya kazi. Ofisi ya kazi ilisema marehemu hana mwajiri, na mwajiri mwenyewe alikwisha rudi kwao Ulaya, hivyo ajaribu ofisi ya mambo ya kale.

Basi Celina akashuka mwenyewe hadi mtoni, wakati wa chai ya saa nne.

"Mama Ruguru," alisema, "kazi imeisha. Nendeni mkapumzike."

Wanawake walisimama. Wengine walianza kulegeza kamba.

"Umetumwa na nani?" aliuliza Ruguru.

Celina angeweza kudanganya. Aliutazama ule mfereji kwenye paji la uso, ulimi ukakataa. "Sijatumwa na mtu. Nimesema mimi tu."

Ruguru akatabasamu, akampiga bega taratibu. "Una moyo mzuri, mwanangu. Lakini tuliambiwa tutakayemsikia ni yule aliyetuweka, au atakayekaa kwenye kiti chake. Tukiondoka bila ruhusa, wanapigwa watoto."

"Watoto wamezeeka, maitu," alisema Lenah.

"Mtoto ni mtoto," alisema Ruguru, akakaza ukamba.

Siku ambayo tingatinga lilipaswa kukata ukingo, Bundi alimwambia dereva azime injini. Aliichukua michoro, akalisogeza daraja juu kidogo ya mto, mbali na shamba la nduma. Wakubwa wake walipouliza, alisema mwamba wa huko ni bora. Hakuna aliyekuja kuuchunguza. Celina alimnunulia chakula cha mchana kwenye hoteli ya sokoni, nyama na mukimo, na hawakulizungumzia jambo hilo.

Daraja lilijengwa, na likajengwa vizuri. Ruguru na wenzake walibeba mawe yake pia, kwa kuwa hakuna aliyewazuia, na mkandarasi hakuona sababu ya kuwazuia watu wasiodai chochote.

Siku ya ufunguzi yaliletwa mahema na viti vya plastiki, mchungaji akaomba, na mheshimiwa mgeni akahutubia kuhusu maendeleo. Alipomaliza, Lenah alisimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, wewe ndiye umekaa kwenye kile kiti. Waambie hao akina mama waende nyumbani. Ni neno moja tu."

Mheshimiwa aliwatazama wanawake waliopita nyuma ya hema na mizigo yao. Alisema suala hilo ni zito, na lingeundiwa kamati. Watu wakapiga makofi. Utepe ukakatwa, lori la kwanza la majani likavuka, na ng'ambo ya pili akina mama walipiga vigelegele, maana waliokuwa wajawazito walikuwa wengi.

Msafara wa magari ulipoondoka, Lenah alimfuata mama yake hadi kwenye maji. Celina aliwaona kutoka juu. Kizee alimvua kijana ukamba, akauvaa kwenye paji lake, akalichukua jiwe mgongoni, akampa kikombe cha chai.

"Kunywa chai, maitu," alisema. "Mimi nitashika."

Ruguru alikaa juu ya nyasi akanywa polepole, macho yakiwa juu ya mteremko, asije akakutwa amekaa.