Mtoto wa Novemba

Nyoka alipomuuma Elwyn Noske kifundoni, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Saa ngapi?"

Mkewe, Verna, alidhani ameshaanza kuweweseka. Alikuwa amesimama kando ya gari na chupa ya chai mkononi, macho yake bado yanakifuata kile kitu cha kahawia kilichokuwa kinajiingiza kwenye ufa wa udongo mkavu, taratibu, kama mwenye nyumba anayerudi kwake. Elwyn alishuka tu kutoa mbegu za majani zilizoziba rejeta. Hatua tatu kutoka mlangoni. Kila upande ni matuta ya mchanga mwekundu, na tangu jana asubuhi hawakuwa wamepishana na gari hata moja.

"Verna. Nimekuuliza saa."

"Saa sita kasoro ishirini."

"Basi tuna bahati." Elwyn akajilaza polepole kwenye kivuli cha gari. "Lete bandeji zote. Usioshe jeraha. Anzia vidoleni, panda mpaka pajani, kaza. Tutakaa hapahapa, maana ukinirusharusha kwenye matuta haya sumu itapanda mbio kuliko gari. Saa sita kikao cha redio kinaanza. Utawaita."

Utawaita. Verna akalirudia neno hilo moyoni akienda kuchukua bandeji.

Alifunga bandeji vizuri. Kufunga alijua. Alilea watoto wanne na kondoo mia sita, hakuna kiungo cha mnyama wala binadamu ambacho hakuwahi kukifunga. Akavunja fimbo ya hema, akaifunga mguuni iwe gango, mguu usitikisike. Alipomaliza akabaki amepiga magoti palepale, anaipangusa bandeji mchanga ambao haukuwapo.

"Nenda, bi mkubwa."

"Bado dakika saba."

"Nenda ukaiwashe ipate moto."

Redio ilikuwa chini ya dashibodi. Elwyn alitumia miezi mitatu kuifunga: waya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja na fyuzi zake, mwingine wa kuibana redio kwenye chuma cha gari, halafu antena kwenye bampa la mbele. Antena yenyewe ni ufito uliompita mtu urefu, na ubavuni una matundu, kila tundu na masafa yake. Chini unaning'inia waya mfupi wanaouita mkia. Ukitaka kuzungumza mchana kwenye masafa ya mita ishirini, unachomeka mkia tundu hili. Jioni kwenye mita arobaini, tundu lile. Matundu hayo Elwyn aliyatia alama kwa rangi ya kucha ya Verna, na hakuomba.

Verna alikuwa na leseni. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma. Miaka mitatu iliyopita alifanya mtihani wa wanaoanza akapata tisini na mbili kwa mia, cheti kikatundikwa ukumbini kando ya picha za harusi, na tangu siku hiyo hakubonyeza kitufe cha kipaza sauti hata mara moja. Majina ya redio ya wanaoanza yalikuwa na herufi N mara baada ya namba, na hewani N husemwa Novemba, kwa hiyo mtu hujulikana ni mgeni kabla hajafika mbali. Wakongwe waliwaita watoto wa Novemba. Sheria iliwapa pembe yao ya masafa wakachezee huko. Mita ishirini, ng'o.

Na mlinzi wa lango la mita ishirini alikuwa nani, kama si Elwyn mwenyewe? Miaka kumi na tisa alikiongoza kikao cha wasafiri kila adhuhuri, kutoka kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Verna angekuwa jikoni anaosha vyombo, dirisha wazi, akisikia sauti changa imejipenyeza inababaika, kisha ya mumewe, nyororo kabisa: "Wewe Novemba, umepotea njia. Nenda kasome kitabu chako, halafu urudi." Wenzake wangecheka. Verna angesugua sufuria iliyokwisha takata. Kama angeambiwa achague kati ya kile kitufe na yule nyoka, angeomba apewe muda wa kufikiri.

Saa sita kamili sauti ikatoka kwenye spika, nyembamba, imezama kwenye mvumo. Ilikuwa ya Lyall, mwalimu mstaafu wa mji wa mbali wa Launceston, aliyekikalia kiti cha Elwyn wakati Elwyn yuko safarini. Alianza kuita majina ya wasafiri, mmoja mmoja, kama mahudhurio ya darasani.

"Ngoja zamu yetu," Elwyn akasema kutoka chini. "Usimkate mtu kauli. Ataniita."

Wakangoja. Hilo Verna alilikumbuka miaka baadaye na kulionea hasira: mtu ana sumu mguuni, wao wanangoja zamu. Lakini ndivyo walivyokuwa watu wa redio, na Elwyn ndiye aliyewafunza. Lyall alimsikiliza mtu mmoja akieleza habari za springi ya karavani yake mpaka mwisho, akamwuliza na swali.

"Elwyn Noske," spika ikasema. "Mzee Elwyn, uko wapi leo?"

Verna akabonyeza. Kijasho chembamba kilimtoka mpaka kwenye nyusi. "Lyall," akasema, sauti yake ikatoka kama ya paka. "Lyall, tuko hapa."

Akaachia. Mvumo.

"Elwyn, unanipata?"

"Tuko hapa! Tuko hapa, Lyall!"

"Hayupo," akasema Lyall, na mtu mwingine akadakia, "Keki ya Verna imemziba mdomo." Wakacheka kidogo, Lyall akaita jina lililofuata.

Verna akatazama kipimo cha redio. Alipobonyeza tena, sindano ilirukia kwenye nyekundu ikaganda huko, na nyekundu maana yake aliijua, iliulizwa kwenye mtihani: mawimbi hayatoki, yanagonga antena yanarudi. Akawaza waya umekatika. Akawaza fyuzi. Akawaza atazikwa wapi, maana Elwyn hakupenda kaburi la mjini. Kisha akakumbuka jana jioni, Elwyn akizungumza na rafiki yake wa Broken Hill kwenye mita arobaini, kikombe cha chai kwenye boneti, akicheka.

"Mkia," akasema. "Elwyn, hukuuhamisha mkia."

"Mimi?" akasema, na ulimi wake ulikuwa mzito. "Hiyo ndiyo kazi ya kwanza asubuhi. Mimi huwafokea watu kwa hilo."

"Basi jifokee baadaye."

Alikimbia mpaka mbele ya gari. Jua lilikuwa limeila rangi ya kucha, matundu yote yamekuwa meupe. Akapapasa kwa kidole, tundu hadi tundu, mpaka ukucha ukakwaruza kitu kama gamba, nukta ya waridi isiyozidi punje ya mtama, alama ya mita ishirini. Ilikuwa rangi aliyopaka harusi ya binti yake. Akauchomoa mkia, akauchomeka pale. Alipokuwa anarudi alimtazama mumewe, roho ikamruka. Kope za Elwyn zilikuwa zimeshuka nusu, kama za mtu anayesinzia kanisani.

"Usilale."

"Silali. Hazifunguki vizuri."

Akapanda. Spika sasa ilikuwa inanguruma, Lyall kama yuko kiti cha nyuma. Lakini orodha ilikuwa imekwisha. "Haya, wasafiri, kama hakuna mwingine, tunafunga. Kuna mwingine?"

Wakongwe wa redio wana adabu moja kubwa kuliko zote: usijibandike jina la mwenzio. Elwyn aliuita huo wizi. Verna alikuwa ameishi na adabu hiyo miaka mingi mno, na hofu haimwachii mtu nafasi ya kutunga mpya. Ikamfanya afuate ile aliyoizoea. Akabonyeza, akaanza kwa jina lake mwenyewe la redio, kama alivyoandika kwenye karatasi ya mtihani.

"VK tano, Novemba..."

Yaliyobaki hayakutoka, akaachia kitufe ameze mate.

"Ahaa," Lyall akasema, kwa upole. "Tumepata mtoto wa Novemba. Mama, umepotea njia. Nenda kasome kitabu chako, halafu urudi."

Sauti ilikuwa ya Lyall, maneno yalikuwa ya Elwyn, mpaka ule upole wa mwisho. Na Lyall hakuachia kitufe. Mwalimu ni mwalimu. Akaanza kueleza sheria kifungu kwa kifungu, kwa faida ya wote.

Verna alibonyeza akapiga kelele. Alijua ni bure, ila alipiga. Anayesema kwenye redio ni kiziwi mpaka anyamaze, ungekuwa na sauti ya ng'ombe mia hakusikii. "Ameumwa na nyoka!" akalia ndani ya gari tupu. Alipoachia, Lyall alikuwa amefika kwenye faini.

Akageuza shingo. Elwyn alikuwa amesikia yote. Spika ilikuwa kubwa na mlango wazi. Mdomo wake ulikuwa unachezacheza, mate yanamtoka pembeni, hawezi kuyameza.

"Maneno yangu hayo," akasema.

"Nayajua. Nimeyasikia miaka kumi na tisa nikiosha vyombo."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini Verna hakuwa na nafasi ya kufurahia methali. Aliyekuwa kisimani alikuwa mume wake, na kamba ilikuwa mkononi mwake yeye. Aliogopa, ila kwa mara ya kwanza hakukiogopa kitufe. Alimwogopa Lyall asije akasema neno la kufunga akazima.

"...basi kwa hayo machache," Lyall alikuwa anasema, "nawatakia safari njema, na ninafu..."

Akavuta pumzi. Nusu sekunde tu. Verna akaingia humo.

"Dharura. Dharura. Lyall, usizime. Ni Verna Noske. Elwyn ameumwa na nyoka, kope zimeanguka, hawezi kumeza. Na kitabu nimekisoma. Kinasema kwenye hatari ya maisha yeyote aite, popote. Swali la kumi na saba. Nililipata."

Akaachia.

"Verna." Sauti ya Lyall ilikuwa imepasuka. "Verna, Mungu anisamehe. Mko wapi?"

Hapo aliyasoma yote bila kubabaika, maana Elwyn alikuwa na mazoea yake yenye manufaa: kwenye kila nguzo ya njia panda alirudisha sifuri kwenye mita ya kilomita, akaandika kwa penseli juu ya dashibodi. Kilomita arobaini na moja na nusu mashariki ya nguzo ya mwisho, bondeni, udongo mweupe upande wa kulia. Lyall alirudia kila neno. Wasafiri wengine hawakutia neno hata mmoja. Kisha Lyall akaenda kwenye simu ya mezani, na Verna akasikia kwa mbali, kipaza sauti kikiwa kimeachwa wazi, akiwafokea polisi.

Helikopta ilikuwa itoke kwenye visima vya gesi. Saa moja na robo, walisema. Verna akabeba mto, akamlaza Elwyn kwa ubavu ili mate yatoke, akavuta waya wa kipaza sauti mpaka ukafika mlangoni, akakaa mchangani katikati: mkono mmoja kwenye kitufe, mwingine kwenye mbavu za mumewe. Kila dakika tano Lyall aliita.

"Novemba, bado upo?"

"Nipo."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Usiondoke hewani, mama. Nakuomba. Usiondoke."

Dakika ya hamsini Elwyn alikuwa hawezi tena kusema. Dakika ya sitini pumzi zikaanza kupitana mbali. Verna alizihesabu kwa sauti, kitufe kimebanwa, na huko kwenye mabanda na karavani watu wasiomjua walizihesabu naye. Ilipokawia moja alisema, "Ngoja," hakuna aliyejua anamwambia nani. Ikaja. Kisha, nyuma ya tuta, mlio ule wa mapanga yanayokata hewa.

Daktari aliruka kabla mchanga haujatulia, akamwingizia Elwyn mpira kooni, akaanza kumpumulia kwa mfuko. Akamtazama Verna. "Ungechelewa nusu saa tungekuja kuchukua maiti. Twende."

"Dakika moja," Verna akasema, akarudi kwenye redio, maana hauondoki hewani bila kuaga.

"Amewahiwa, Lyall. Anapumuliwa. Naenda naye."

Alisikia watu wazima wakipiga chafya za uongo kuficha kilio. Lyall alikohoa. "Verna, hapa kwenye daftari la kikao, natakiwa niandike kituo kilichoita. Nilifikiri... ili usije ukasumbuliwa na wenye sheria, maana kuna watu... niandike jina la Elwyn?"

Verna alitazama mlangoni. Walikuwa wanamnyanyua kwenye machela, kope zimefungwa kabisa, lakini sumu ile hushika misuli, haishiki masikio, na spika ilikuwa kubwa. Kidole kimoja cha mkono wake wa kulia kilisogea kidogo kwenye blanketi, kama kinachobonyeza.

"Hapana," akasema Verna. "Andika Novemba."