Msemaji Wangu

Jumapili baada ya ibada, wenzangu walipokuwa bado wanasalimiana nje ya kanisa, mimi nilishuka mtaa wa nyuma kwenda kukiangalia chumba. Kilikuwa La Rochelle, uani kwa Mama Mwanaharusi, Mtanzania aliyekuja Johannesburg na mumewe zamani na kuzeekea hapo. Kilikuwa na dirisha moja na bomba lake lenyewe, na ukuta mmoja mpangaji aliyehama alikuwa ameupaka rangi ya pichi. Nilikuwa nimeshakiangalia mara tatu. Mara hii ya nne Mama Mwanaharusi hakuinuka hata kwenye kiti. Alinirushia ufunguo.

"Nenda kamwone mchumba wako," alisema. "Lakini chumba hakiposwi kwa macho, mwanangu. Mwisho wa Novemba akija mwenye pesa, nakipangisha."

Niliingia nikasimama katikati. Kitanda kingekaa chini ya dirisha, na Carmel angelala upande wa ukutani asianguke. Carmel ni binti yangu. Nilimwacha Uvira kwa mama yangu akiwa na miaka miwili, sasa ana sita. Shule za hapa hufunguliwa Januari, na nilitaka aanze darasa la kwanza akiwa na mimi. Pale nilipokuwa nikilala tulikuwa wanawake watatu katika chumba kimoja, tumegawana kwa mapazia, na mwenye nyumba alishasema mtoto hapana. Nilikuwa nikimlipa randi mia nane kwa mwezi. Mama Mwanaharusi alitaka elfu mbili na mia mbili.

Kwenye simu Carmel aliniita tantine, mama mdogo. Aliwasikia watoto wa dada yangu wakiniita hivyo, naye akafuata. Mama kwake alikuwa bibi yake. Bibi alimsahihisha mara mbili nikisikia, kisha akaacha. Sikumlaumu. Yeye ndiye aliyemwogesha.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya magauni ya harusi, mwendo wa dakika ishirini kwa teksi. Mwenyewe ni Mzungu, Bwana Gert. Mafundi wa kushona gauni zima tulikuwa wawili, mimi na Papa Emery, Mkongo mwenzangu, mtu wa miaka arobaini na kitu na mzee wa kanisa letu. Kila mmoja alimaliza magauni mawili kwa wiki. Korseti ngumu, zile za kubana kiuno, zilikuja kwangu, na Papa Emery mwenyewe ndiye aliyezisukuma upande wangu wa meza.

"Weye una mikono," alikuwa akisema. "Mie nina miwani tu."

Mwezi wa saba akaja Liesl, msichana wa Kizungu, kutia shanga. Hakuwa anajua. Mimi ndiye niliyemwonyesha kushika sindano ile nyembamba, na kufunga fundo kila baada ya shanga tano, ili uzi ukikatika zisimwagike zote. Alikuwa mpole, aliniletea kahawa. Siku moja, tukiwa tumeinamia shela moja, alisema kwamba kwa elfu mbili na mia sita kwa wiki hata gari lake linamshinda kulipia. Alisema kama mtu anayelalamikia mvua. Niliendelea kushona. Mimi nilikuwa nikipata elfu moja mia moja na hamsini.

Nyuma yetu Happyness alikuwa akipiga pasi, akasikia. Baba yake ni wa hapa Afrika Kusini na mama yake ni wa Morogoro, na haogopi lugha yoyote wala mtu yeyote. Jioni tulipokuwa tumesimama kwenye roboti tukingoja taa ituruhusu kuvuka, alinipiga kiwiko.

"Dada, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na Emery je, unajua anapata ngapi? Elfu moja mia tisa. Mimi ndiye nagawa bahasha, imeandikwa juu."

"Na wewe?"

"Eish, mimi niache, mimi mtu wa pasi. Wewe ndiye uliyemfundisha yule mtoto kushika sindano! Nenda kamwambie Gert."

"Nani, mimi?"

"Hapana. Cherehani yako."

Nilicheka, lakini kwenye teksi nilipiga hesabu. Kati ya mshahara wangu na wa Papa Emery palikuwa na mia saba na hamsini kwa wiki, elfu tatu kwa mwezi. Kilikuwa ni chumba kile, pamoja na sare ya shule na viatu. Kumbe nilikuwa nimeshakifanyia kazi, miaka mitatu. Sikuwa nakilalia tu.

Kwetu jambo zito halisemwi na mwenye nalo. Ukitaka mke, ukitaka kiwanja, ukitaka kusamehewa, unatafuta msemaji, mtu mzima anayejua maneno. Wewe unakaa kando umeinamisha kichwa, na kimya chako ndiyo heshima yako. Desturi hiyo ilinifaa tangu utoto, maana mdomo wangu ni mzito. Basi Jumamosi nikanunua mkate mkubwa na chupa mbili za Fanta, kwa kuwa huendi kuomba mikono mitupu, nikaenda Rosettenville nyumbani kwa Papa Emery.

"Nimekuja na shida, Papa."

"Fanta mbili lazima ni shida," alisema. "Moja ingekuwa salamu."

Nilieleza huku nikiangalia kitambaa cha meza. Nilipotaja mshahara wangu, Murielle, mkewe, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Emery, ni kweli anapata hiyo?"

"Nitajuaje? Mshahara wa mtu ni siri yake."

"Mnashona meza moja miaka mitatu!"

"Nashona gauni, Murielle, sishoni mfuko wake." Lakini alikuwa ameona haya, na akanigeukia. "Nitakusemea. Jumatatu."

Jumatatu alikuja na shati la kanisani. Aliingia ofisini, mimi nikabaki kwenye cherehani nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa, ila macho niliyainua kidogo. Ofisi ina ukuta wa kioo. Nilimwona Papa Emery akifungua mikono, akieleza, akinionyesha mimi. Bwana Gert alinitazama muda mrefu, akaitikia kwa kichwa. Walipeana mikono. Wakati huo moyoni mwangu nilikuwa nimeshatundika pazia kwenye dirisha la Mama Mwanaharusi.

Papa Emery alitoka, hakukaa. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Amekubali?" niliuliza.

"Amekubali kuongeza."

"Mungu asifiwe."

"Ngoja. Ameniongezea mimi."

Nilidhani sikusikia. Akaeleza polepole. Bwana Gert alifurahi kuona mwanamume anayebeba wengine mgongoni. Alisema tangu leo Papa Emery ni msimamizi wetu, na mia tatu zaidi kila wiki kwa ajili ya mzigo huo. Na yule msichana, yaani mimi, akiwa na shida yoyote, apitie kwake.

"Nilimwambia siyo hivyo," alisema. "Nikamwambia huyu si mdogo wangu, si mke wangu, ni fundi. Akasema ameelewa, akasema ninyi watu mnasaidiana vizuri. Akafungua mlango."

Happyness aliweka pasi chini. "Yaani dada katuma mshenga, kaolewa mshenga!"

"Nyamaza, Happyness," alisema Papa Emery, lakini bila nguvu.

Sikumkasirikia Papa Emery. Kwetu wangekiona kichwa changu kilichoinama wakajua jambo ni la nani. Bwana Gert alikiona akasoma kingine: huyu hana neno, mwenye neno ni yule. Kosa lilikuwa langu, nilimpelekea desturi ambayo hakuzaliwa nayo.

Ijumaa, bahasha zilipogawiwa, Papa Emery alinifuata kwenye rafu za vitambaa. Alikuwa na noti tatu za mia, amezikunja ndogo.

"Chukua, Mama Carmel."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo pale kazini. 

"Ni zako, Papa Emery."

"Ni zako. Zimepitia kwangu tu."

Niliziangalia. Mia tatu mara nne ni elfu moja na mia mbili. Ukiongeza ninayolipa sasa, Mama Mwanaharusi angebaki kunidai mia mbili tu, na mia mbili ningeifinya kwenye chakula. Ningeinua mkono tu. Carmel angelala kwangu Januari.

"Ukihama je?" nilisema. "Au siku Murielle akichoka kuona pesa ya mumewe inakwenda kwa mwanamke mwingine? Nitakuwa nalipwa na wewe, Papa. Mimi nashonea nani?"

 Aliuteremsha mkono wenye noti. Nami kabla moyo haujarudi nyuma nikaenda ofisini na kugonga.

Kiingereza changu ni cha sindano na uzi. Nilikitumia chote.

"Nataka mshahara wa fundi," nilisema.

Bwana Gert hakuonekana mkali, alionekana amechoka. "Hilo nimeshalimaliza na Emery."

"Emery amemaliza la Emery. Mimi nasema langu. Yeye magauni mawili, mimi mawili. Liesl nimemfundisha mimi."

"Liesl ana cheti. Na Emery ana familia ya kulisha."

"Nina mtoto. Anaitwa Carmel."

Alinitazama kama siku ile kwenye kioo. "Miaka mitatu hukuwahi kusema."

"Hukuuliza. Na Liesl hana mtoto."

 Masikio ya Bwana Gert yakawa mekundu, akaanza kupanga kalamu zake. Mwisho alisema elfu moja na mia tatu, kuanzia Desemba, na mengine mwakani tutaona. Nikasema asante. Ilinitoka kwa mazoea, na niliionea uchungu mpaka nilipofika kwenye cherehani yangu.

Mia moja na hamsini kwa wiki. Nilizipanga kila namna, kwenye teksi, kitandani nyuma ya pazia, na chumba hakikuingia ndani yake.

Jumapili ya mwisho ya Novemba sikuomba ufunguo. Mama Mwanaharusi alikuwa uani na kijana mmoja na mkewe, wanapima dirisha kwa khanga. Aliniona, akaja mpaka langoni.

"Nilikungoja, mwanangu."

"Najua, Mama."

"Na mimi umeme wananidai." Alinishika mkono, akauachia.

Nilikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa nikapiga simu Uvira. Bibi alielewa kabla sijamaliza. Akampa Carmel simu.

"Tantine! Mama alisema nitakuja kwako na basi."

"Utakuja."

"Mwezi wa kwanza?"

Nilisikia kuku kwao, na mtu anatwanga. "Siyo mwezi wa kwanza, mama. Baadaye kidogo."

"Haya," alisema upesi, na simu ikabaki chini, nikamsikia akikimbia kurudi kwa wenzake, anacheka tayari. Hakulia. Ningependa alie kidogo. Niliishika simu sikioni mpaka salio likaisha, nikisikiliza kuku na mchi.

Kesho yake nilifika karakana kabla ya Papa Emery. Juu ya meza kulikuwa na korseti ya bibi harusi wa Jumamosi, haijatiwa mifupa, vile vijiti vya kuisimamisha, wala kamba, na hakuna mwingine ambaye angeimaliza kwa wakati. Niliipita. Nikagonga mlango wa ofisi.

Bwana Gert aliinua kichwa. "Wewe tena?"

"Mimi tena. Ulisema mwakani. Nataka kujua mwezi gani, na faranga ngapi, yaani randi ngapi." Nilikosea kwa woga, nikarudia vizuri. "Randi ngapi, na mwezi gani. Tuandike."

"Célestine, nina kazi."

"Na mimi."

Nje Liesl alikuwa amefika, ananiita nikamwangalizie fundo lake. Happyness alikuwa anawasha pasi. Nilisikia Papa Emery akiingia, akisalimia, kisha akinyamaza aliponiona kupitia kioo. Hakuja. Nilishukuru kwamba hakuja. Bwana Gert alinionyesha mlango kwa kalamu, mara moja, halafu mara ya pili. Sikutoka; nilibaki nimesimama mbele ya meza yake, nikingoja aandike.