Ngano ya Elias Imeiva Mapema

Tangu jana yake Athanasie alikuwa hakai akatulia. Alikuwa ametoka Katumba kuja Misunkumilo kumwona binti yake Jeannine. Akapewa kiti, akapewa chai, na chai ikapoa mkononi huku yeye akichungulia bondeni, kwenye ngano ya mkwe wake. Maharage ya pembeni yalikuwa bado yana maua. Mahindi ya majirani bado mabichi. Ila ngano ya Elias, jamani, nyeupe pe!

Huku kwetu watu ni wa mahindi na tumbaku, ngano wanaijulia kwenye maandazi. Elias alipata mbegu Sumbawanga, akajaribu mwaka jana, ikakubali, mwaka huu akarudia palepale. Ilipogeuka nyeupe kabla ya wakati, kila mpita njia akampa hongera, na kichwa kikamvimba. Akamwita Makoye aje asubuhi na maksai wake alifukie lile shamba la maharage, maua na kila kitu, apande ngano bonde zima kabla unyevu haujakauka. Na maharage yale ndiyo yaliyokuwa yanategemewa na nyumba nzima, maana mahindi ya ndani yalikuwa yanaishia.

Utauliza, mtu mzima kama Athanasie alishindwa nini kusema? Alikuwa mama mkwe, bwana! Tangu mahari ipokelewe, yeye na Elias hawakuwahi kusemeshana ana kwa ana. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Jina la mkwe wake hakuwahi hata kulitamka, alimwita baba Glory, kwa jina la mjukuu. Neno lilipitia kwa Jeannine, hata kama wote watatu wamesimama pamoja na wanasikiana vizuri kabisa. Ndivyo walivyolelewa wote wawili, na walijivunia heshima yao hiyo.

Asubuhi wakawa ukingoni mwa maharage, Makoye anawafunga maksai nira.

"Jeannine," Athanasie akasema, macho chini, "muulize baba Glory kama amewahi kung'oa hata shina moja la ngano akaangalia mizizi."

"Baba Glory, mama anauliza kama umeangalia mizizi."

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi," Elias akajibu, akiwatazama maksai. "Ngano inavunwa juu. Kwani hizi ni karanga?"

"Mama, anasema..."

"Nimesikia."

Makoye akacheka mpaka akaiachia kamba. "Nyie watu! Mnapigiana simu na mko uwanja mmoja?"

Athanasie hakucheka. Alikuwa mtoto Burundi, juu milimani, ngano ya baba yake ilipogeuka nyeupe hivihivi. Walifurahi, wakachinja mbuzi. Walipokuja kupura wakapata makapi matupu, na mwaka ule walilala njaa. Siku hizi mabwana shamba wanaeleza vizuri: ni kuvu, inakaa ardhini kwenye mabaki ya mizizi, na ukirudia ngano palepale unazidi kuilisha. Mmea hauivi, unakufa kwa kiu umesimama. Baba yake hakujua habari za kuvu, alijua tu kwamba pale inabidi apande maharage na njegere kwanza, ngano isubiri.

"Mwambie," akasema, "mwambie kwetu tuliona hivihivi, tukashangilia, na ndani ya masuke hamkuwa na kitu. Mwambie asiguse maharage ya watoto!"

Jeannine akamtazama mama yake, akamtazama mumewe. Alikuwa anamjua Elias akishaamua jambo, na alikuwa anaogopa ugomvi mbele ya Makoye.

"Baba Glory," akasema taratibu, "mama anasema mngoje kidogo."

Mngoje kidogo! Elias alikuwa amesikia kila neno, masikio si anayo? Lakini kwa heshima yao, alichofikishiwa ndicho alichosikia, na hicho kilikuwa chepesi kukijibu.

"Mwambie unyevu haungoji. Haya, Makoye, twende!"

Plau ikazama. Mstari wa kwanza wa maharage ukapinduka, maua chini, mizizi juu. Athanasie akaikaza kanga kiunoni, akaingia kwenye ngano karibu anakimbia, akashika shina na kulivuta. Likatoka bila ubishi wowote. Mizizi ilikuwa mifupi, myeusi, imeoza. Akavuta la pili, likatoka vilevile.

Akarudi moja kwa moja mpaka mbele ya mkwe wake.

"Elias!"

Jeannine akaziba mdomo. Makoye akawasimamisha maksai.

"Shika. Fikicha."

Elias akayapokea mashina kutoka mkononi mwake. Akafikicha suke. Akapuliza, likaruka lote, kiganja kikabaki kitupu. Akafikicha la pili. Akaingia shambani mwenyewe, akawa anang'oa huku na kule, anafikicha, anapuliza, anatupa, mpaka katikati ya shamba akakaa chini. Hongera zote zile za njiani! Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu.

Athanasie akamfuata, akakaa pembeni yake, karibu kabisa, mahali ambapo mama mkwe hakai.

"Mama," Elias akasema, na safari hii alikuwa anamtazama yeye, "tutakula nini?"

"Maharage. Umeharibu mstari mmoja tu. Inuka tuyarudishe ardhini kabla jua halijayakausha."

Jeannine alikuwa ameshawafikia, machozi yanamtiririka. Mazoea ni kitu kibaya, akaanza, "Baba Glory, mama anasema..."

"Nimesikia," Elias akasema, akainuka.