Seli Zilizonyamaza

Kling… chupa imegonga sinki, mara moja tu, kisha kimya, na mbona kimya, mtu asiye na hatia angesema lo au angecheka, lakini Shangazi anayetuoshea vyombo vya maabara anaendelea kusuuza kama hajasikia, mgongo kanipa, nami nimekaa na trei yangu nangoja visima vyake, vile vitundu vidogo vya plastiki, vigeuke manjano, havigeuki, wiki ya tatu hii havigeuki, seli zangu za kinga nimezimwagia vipande vya bakteria, dozi ya kuamsha mtaa mzima, zilitakiwa zipige kelele, zitoe ile kemikali ya kuita wenzao, ndiyo inayoleta rangi, nazo zimenyamaza, na hazijafa, nimezitazama kwa hadubini, zipo, zimenona, zinanitazama tu… kuna mkono wa mtu hapa, hata Bosi alisema jana, kuna anayechafua vyombo, kesho saa nne nataka jina, nisipolipata Shangazi akusanye vitu vyake, na Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, akaangalia viatu vyake, kwa nini viatu, halafu kwenye korido akanitania eti seli zako zimekuzoea, kama mke wa mlevi, akacheka peke yake… saa nne kasoro dakika tatu… zimezoea… hapana, mazoea yanataka kuonjeshwa, kidogokidogo, seli ikilambishwa uchafu leo na kesho na keshokutwa, siku dozi kubwa ikija haishtuki, hilo nililiandika kwenye mtihani nikapata alama zote, lakini nani angezionjesha, chakula chao nachanganya mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa maji yangu… maji. Yale maji maalumu ya kununua yaliisha lini, mwezi uliopita, Jumanne, nami kwa haraka nikakinga ya bomba, nikayatia kwenye mashine ya mvuke, nikajisemea mvuke unaua kila kitu, na kweli unaua, ila maiti haziondoki, maganda ya bakteria yanabaki humohumo yakielea, na seli haiulizi mgeni yu hai au amekufa, inatambua ganda lake tu… na Shangazi alikuwepo, alinishikia mlango, akasema mwanangu, mbona hayo ni ya bomba, nikamwambia Shangazi wewe osha… wiki ya kwanza Bosi alipomfokea alilia, alijifuta kwa aproni, wiki ya pili akaitikia ndiyo, ndiyo, jana hakuinua hata kichwa, nami nikamnong'oneza Miwani, unaona, hashtuki, mwenye hatia huwa hivyo… mlango. Bosi, kidole kwenye saa yake.

"Haya. Nani?"

Miwani na viatu vyake, sasa naelewa, ni aibu tu, aibu ya kutazama mtu mzima akifokewa… maji ya bomba yanachuruzika, mgongo uleule, visima vilevile havina rangi, na Shangazi jina analijua, amelibeba wiki tatu nzima, hatalisema, nikinyamaza atavua aproni ataondoka nalo, na mimi nitabaki na trei yangu, nimenona, nimetulia…

"Shangazi ameosha vizuri," nasema, kisha nalitaja, jina langu, na la baba, na la ukoo, lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, na pale kwenye sinki bega linashtuka.